Majina Yangu Alikuwa Darasa la Sita

Kitambaa kipya kina kelele. Ninyi vijana mnaoingia kazi ya shule leo, walimu, wapishi, walinzi, washonaji kama nilivyokuwa mimi, anzeni hapo, kabla ya yale mliyofundishwa huko mlikosoma. Kipitishe kitambaa kipya kati ya vitambaa vilivyochoka, na kila jicho litageuka. Aliyenifundisha hilo ni mwanamke aliyekuwa akiosha mawe ya madini mtoni, na alinifundisha kwa hasira.

Kwanza mnijue. Naitwa Mama Umba. Nilitoka masomoni darasa la tatu, si kwa ujinga, ila mama yangu alikuwa na mashini ya kushona ya mkono na hakuwa na mtu wa kuizungusha. Nikazungusha mimi. Tulishona kaptula za magunia ya unga. Mwenye kaptula akiinama, ungeweza kusoma jina la kiwanda na uzito wa gunia. Kutoka hapo mpaka kuwa na chumba changu cha kushona ndani ya shule, mlango wangu, ufunguo wangu shingoni, sikubebwa na mtu. Anayetaka kusema kwamba mwanamke wa darasa la tatu hana la kuwaambia walimu, aseme akiwa amevaa nguo aliyojishonea.

Shule yenyewe ilikuwa kando ya barabara inayotoka Kolwezi kwenda Kapata. Shule ya parokia, madarasa ya matofali, kipande cha reli kimening'inizwa badala ya kengele. Nasema ilikuwa, kwa sababu leo pale pana uzio, na nyuma ya uzio pana shimo la mgodi. Watoto walijengewa nyingine, mbali, yenye mabati ya buluu. Nilialikwa siku ya kuifungua, nikapewa kiti cha mbele. Ni shule nzuri. Lakini asubuhi bado naamka kabla ya jua, naweka chai, halafu nasikiliza. Nasikiliza darasa la pili wakiimba hesabu ya mara mbili, wote pamoja na wote nyuma ya mwalimu, na mashini yangu ikifuata wimbo wao bila mimi kuiambia. Kinachonijia ni malori.

Kumshonea mtoto maskini si kama kumshonea bibi harusi. Bibi harusi anavaa siku moja. Sketi ya mtoto anayeosha mawe inatakiwa iishi miaka. Acha pindo la vidole vinne chini, ulishike kwa uzi mlegevu, ili kila mwaka ulifungue kidogo mtoto anavyokua. Weka kiraka cha makalioni kabla hapajatoboka, siyo baada. Kiunoni tia kamba. Kamba hiyo itakuambia mambo. Mtoto ukimuuliza kama amekula, atasema amekula. Kila mtoto mwenye heshima anadanganya hapo. Lakini akirudi kwangu mara ya pili kuomba nikaze kiuno, nilimnong'oneza mpishi wetu, na mpishi akamwita mtoto yule amsaidie kubeba maji ya jikoni. Aliyebeba maji anakula na wapishi. Hakuna aliyetangazwa.

Na wasichana wakubwa. Nyuma ya pazia langu niliweka sketi za akiba, vitambaa safi, ndoo ya maji na sabuni. Mlango wangu haukuwa na swali. Mwalimu mmoja mwanaume aliniuliza kwa nini wasichana wa darasa la sita wanakatikiwa vifungo kila mwezi. Nikamwambia vifungo vya siku hizi ni vibaya.

Sasa, mwaka ule wa kitambaa kipya tulikosea shule nzima, na tulipiga makofi tukikosea. Akina mama wa parokia walichanga, wakaleta mabunda ya kitambaa, buluu na nyeupe, kwa ajili ya watoto wasio na uniforme. Nilishona mpaka miguu ikavimba kwa kukanyaga mashini. Jumatatu, mbele ya bendera, Directeur, mkuu wetu wa shule, akawaita wale watoto mmoja mmoja. Wakapokea, wazazi wakapiga makofi, padri akabariki. Directeur wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa, na wema wa sauti kubwa una hatari yake.

Mnajua jua la Kolwezi linavyokula rangi. Uniforme ya mtoto wa kawaida, ikishafuliwa kwa sabuni kali na kuanikwa kiangazi kimoja, buluu yake inakuwa kama anga lenye vumbi. Za kwetu zilikuwa buluu ya wino. Kuanzia Jumanne, mtu yeyote aliyesimama barabarani aliweza kuchagua maskini wa shule yetu kwa macho, toka mbali. Watoto wakawapa jina: Bapya, yaani wapya.

"Bapya banapita, mubaachie njia!"

"Wee Mupya, ulikula asubuyi, ao padri alete na bukari?" Bukari ndiyo ugali wetu.

Kati ya Bapya alikuwamo Numbi, msichana wa darasa la sita. Mrefu, mkimya, vidole vimechubuka kwa mawe. Mwalimu wake alisema hesabu zinanasa kichwani mwake kama mbegu za nyasi zinavyonasa kwenye nguo. Mwisho wa mwaka ule darasa la sita walikuwa na mtihani wa taifa. Anayefaulu anaendelea sekondari. Asiyeufanya, basi, upande wa machimbo ya Mutoshi mawe hayajawahi kukosa wa kuyaosha. Na haukupita muda baada ya makofi yale, Numbi hakuonekana tena shuleni.

Mama yake ndiye aliyekuja. Alisimama mlangoni kwangu, akaweka uniforme juu ya meza. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi.

"Mama, naleta kitu yenu."

"Inamubana?"

"Inamuenea muzuri sana. Njo shida."

Nikamwonyesha kiti. Hakukaa.

"Mutoto wangu haiko mulombaji," akasema. "Mbele ya hii, alikuwa mutoto wa nguo ya kupasuka. Batoto bengi bako na nguo ya kupasuka, nani anabaangalia? Sasa anavaa hii, na batu bote ku masomo banajua mama yake anakosa. Kitambaa yenu inapiga kelele, mama. Shiye tunanyamaza, yenyewe inapiga kelele."

"Basi arudi na ile ya zamani."

"Alijaribu. Bakamuuliza: mupya mulishauzisha?"

"Mutihani iko karibu, mama."

"Mawe haiulizake mutu juu ya nguo," akasema, na akaenda zake.

Nilimwambia Directeur. Akamtuma mwalimu mmoja kijana akawaelimishe wazazi wale. Neno hilo, kuelimisha wazazi, liogopeni. Kijana alikwenda asubuhi, siku ya kazi, na viatu vilivyopakwa rangi, akaelimisha mlango uliofungwa. Mwenye kuosha mawe anaondoka nyumbani wewe bado unatafuta soksi. Mkitaka kumwona mzazi wa namna ile, nendeni Jumapili baada ya misa, na mwende na njaa, ili mkipewa kitu mle. Mgeni asiyekula kwao anawaambia kwamba hawana chakula.

Uniforme ikabaki mezani kwangu. Nilikuwa na desturi ya kushona jina la mtoto ndani ya kola kwa uzi mwekundu, maana nguo za shule hupotea. Nikachukua mkasi nifungue zile herufi, nimpe mtoto mwingine. Nilikuwa nimefungua N tu, mkono ukasimama. Wakati ule maneno niliyoweza kusoma bila kusogeza midomo yalikuwa machache, na hilo ndilo nililojifunza kwanza kuliko yote. Ni jina langu. Umba ni mwanangu wa kwanza, na tangu nimzae nimeitwa mama yake. Lakini mimi ni Numbi. Nilikuwa nimekaa miaka mingi bila mtu kuniita hivyo.

Hapa kwetu mtu mwenye jina lako ni majina yako. Ni jambo zito. Hata akiwa mtoto mdogo, ni mwenzako. Mama yake anamkaripia kwa tahadhari, kwa sababu anakukaripia na wewe. Ukimpa nguo hujampa msaada, umejivika mwenyewe. Na yeye akichota maji anakuletea, maana anajiletea. Hamwitani kwa jina. Mnaitana Majina. Na hakuna anayesimamishwa mbele ya bendera kwa kupokea kitu cha majina yake.

Nikaishona tena ile N. Halafu nikaanza kuizeesha nguo. Nikaifua kwa maji ya majivu, nikaianika juu ya bati, nikaifua tena, nikaisugua mikunjo kwa jiwe laini. Jua likanisaidia. Ilipokuwa na rangi ya uniforme ya mtu yeyote, nikaikunja, nikangoja Jumapili.

Nilimkuta Mama Numbi mbele ya nyumba yake akichambua mboga. Binti yake alikuwa ndani, nilimwona mguu tu.

"Mama Umba, kama umekuja juu ya masomo," akasema kabla sijasalimia, "kunywa mayi, kisha urudi muzuri."

"Nitakunywa. Lakini sikukuja juu ya masomo."

"Sasa juu ya nani?"

"Juu ya huyu anajificha mu nyumba. Jina yake ni nani?"

"Si unaijua. Wee njo uliishona mu kola."

"Nataka unitajie wee."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mlevi. "Numbi."

"Mi pia ni Numbi."

"Wee? Unaitwa Mama Umba."

"Umba nilimuzaa mimi. Mbele ya kumuzaa, unazani nilikuwa bila jina?"

Kisu kikasimama. Nilitegemea atafurahi. Badala yake akasimama, mikono kiunoni, akaanza kunigombeza, na alinigombeza vizuri. Mwaka ngapi mtoto wake anapita mlangoni kwangu akisema "jambo, mama", kama mpita njia! Mwaka ngapi ananiletea vifungo nishone, na mimi namwangalia tu usoni! Je, mimi nilikosa wazazi wa kunifundisha? Majina gani huyo asiyemtafuta majina yake?

"Ulikawia," akamaliza. "Ulikawia mubaya."

"Nilikawia," nikasema.

"Numbi! Toka. Kuja usalimie majina yako."

Mtoto akatoka, akapiga goti, akasema: "Majina." Wa mwisho kuniita hivyo alikuwa bibi yule niliyepewa jina lake, na alikuwa kaburini tangu ningali msichana. Nilitoa uniforme, nikampa. Mama yake akaishika, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza.

"Inazeeka mbio," akasema.

"Imeteswa."

Akacheka kidogo, kwa pua. Kisha akaweka masharti yake. "Kila siku ya Mungu utakula kwetu. Usikatae."

"Nitakula, kama iko samaki."

"Samaki, kama iko. Kama haiko, utakula bukari na maneno yangu."

Nilikula vyote viwili, Jumapili nyingi. Na Numbi akarudi darasani Jumatatu, ndani ya nguo isiyo na kelele. Waliojaribu kumwita Mupya, aliwajibu mara moja tu: "Ni ya majina yangu." Hakuna mtoto wa Kolwezi anayeweza kulicheka jibu hilo, kwao nyumbani wangemchapa.

Basi nikamwendea Directeur. Akaniambia, "Mama Umba, jambo hili haliko mu programu." Lakini alikuwa anatabasamu, kwa sababu yeye ni Kasongo, na Kasongo hapa kwetu wamejaa kama mchanga. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa na majina wanne, wote wanakula karanga ofisini kwake saa ya mapumziko.

Tukaanza kutafuta. Kapata pale, kwenye zile nyumba za mistari za wafanyakazi wa zamani, kulikuwa na wazee wengi. Zamani kampuni ya madini iliwapa nyumba, unga, hospitali, masomo ya watoto. Sasa walikuwa wamekaa milangoni, wanangojea kitu ambacho hakiji. Tukampelekea kila mmoja mtoto mwenye jina lake. Hatukusema yatima, hatukusema maskini. Tulisema, kwa heshima ya baba: tata, huyu ni majina yako, anasoma kwetu, hesabu zinamtesa. Mzee aliyekuwa hajanyoa ndevu ananyoa. Siku ya mkutano wa wazazi, kama mama wa mtoto yuko mtoni, majina ndiye anakuja, na koti, na anauliza maswali mpaka mwalimu anatoka jasho. Mtoto naye anamsomea mzee maneno ya simu, anamtafutia dawa, anamfagilia. Mama wa mtoto anatuma sahani. Kitu kinakwenda, kitu kinarudi. Shule nyingi hushindwa hapo: zinataka kutoa tu, na anayepewa tu, mwisho wake anakimbia.

Msifikiri yalikwenda yote kwa utulivu. Mama mmoja alikuja kuandikisha upya mtoto aliyekuwa Junior tangu kuzaliwa. Sasa eti ni Kabamba. Alikuwa amesikia kwamba Tata Kabamba, dereva wa zamani wa treni, ana bustani ya nyanya na moyo mwepesi. Si yeye peke yake aliyesikia. Tata Kabamba akanijia na kofia mkononi.

"Mama Umba, mi niko mutu moja. Juzi balikuwa majina babili. Leo balikuja bengi, na moja ni musichana, anaitwa Kabamba Béatrice, na mama yake anaapa ku Biblia."

"Unataka nibafukuze?"

"Nani alisema kufukuza? Nataka mbegu ya nyanya."

Kulikuwa na mtoto mwingine anaitwa Prince-de-Gloire. Niambieni, mzee gani wa Kapata anaitwa hivyo? Tukaenda kwa bibi yake, tukamuuliza alimwita nani mtoto kabla hajapelekwa kanisani. Likatoka jina la babu, jina zuri zito, na mzee wa jina lile tulimpata mtaa wa pili, amekaa mlangoni.

Na mzee mmoja, simtaji, alimfanya majina yake mchunga mbuzi saa za masomo. Sikumwandikia barua. Nilikwenda nikafungua kamba, nikamleta yule mbuzi shuleni, nikamfunga kwenye mlango wa Directeur. Alilia asubuhi yote, darasa la tatu wakamwitikia. Mzee alipokuja kumtafuta, alikuwa na mtoto mkononi, ameoga. Ukiweka desturi shuleni, weka na jicho juu yake. Desturi bila jicho ni mbuzi bila kamba.

Bunda la kitambaa lilibaki, na nililimaliza, lakini hakuna nguo iliyotoka chumbani kwangu ikiwa ya buluu ya wino. Zilizeeka kwangu kwanza, kisha zikapita mikononi mwa majina. Lile neno Bapya likakosa wa kumwangukia, likafa.

Ninachokikumbuka zaidi, lakini, si mbuzi wala mikutano. Ni jioni. Masomo yakiisha, Numbi alibaki chumbani kwangu na hesabu zake, kwa sababu kwao taa ilikuwa ya kugawana na meza haikuwepo. Alikalia gunia la vitambaa. Mimi nakanyaga mashini, yeye anapiga hesabu kwa midomo, na mihogo inaiva nje kwenye mbabula ya makaa. Siku moja alinisikia nikisoma maandishi ya bahasha ya sindano.

"Majina," akasema, "unasoma sawa mutu anavuka mutoni ku mawe. Unaruka."

"Na wee unashona sawa mutu anapigana."

Tukabadilishana. Nikamfundisha mshono wa nyuma, kushika kitambaa bila kukinyonga. Yeye akanifundisha kutoruka. Haya mnayosoma nimeandika kwa mkono wangu, na kila nikikwama kwenye neno refu namsikia: kata, Majina, likate mara mbili, utalimeza. Nimeshawahi kuwa na mume mzuri, nimezaa, nimezika, nimejenga. Lakini ukiniuliza saa gani ningependa kurudishiwa, si siku, saa tu, ningechagua moja ya zile, mvua inapiga bati, na yeye ananikemea kwa sababu ya herufi.

Mtihani ukafika. Nilimsindikiza mpaka mahali walipofanyia, nikamngoja nje na wazazi wengine. Akatoka amevimba macho.

"Nimeanguka, Majina. Hesabu. Ya mwisho niliruka, na ile ya mbele yake sijui niliandika nini."

Nikamwambia mtu hajui alivyoshona mpaka nguo ivaliwe. Hakusikia. Alitembea njia nzima ameshika kola yake.

Wiki ile ile, vijana wachimbaji, wale tunaowaita creuseurs, waliondolewa kwenye kilima walichokuwa wakichimba. Wachimbaji wakiondoka, hakuna mawe. Hakuna mawe, hakuna kuosha. Mama Numbi alikuwa na dada yake Tenke, anauza mikate karibu na stesheni. Wakafunga vyombo vyao katika shuka mbili. Simu waliyokuwa wakitumia ilikuwa ya jirani, na jirani naye alikuwa anafunga zake.

Mama Numbi aliniaga mbele ya lori. "Kama alifaulu, atasoma ata Tenke kule, naapa. Kama alianguka, atanisaidia kukaanga mikati, sitamupiga. Tutumie habari."

"Na nani?"

"Na mutu yeyote anakuja. Tenke ni kadogo."

Numbi alikuwa juu ya mizigo tayari. Hakunipungia. Aliniangalia tu, kama anayeomba msamaha, kwa kosa ambalo hata halikuwepo.

Maana matokeo yalipotoka, Directeur alikuja mwenyewe chumbani kwangu, akafunga mlango, akasema kwa sauti ndogo, labda mara ya kwanza katika maisha yake: "Mama, majina yako amefaulu. Na si kwa kuponea chupuchupu." Nilisimamisha mashini. Nilikaa na furaha ile peke yangu, na furaha ya mtu mwingine ni mzigo mzito kama huna pa kuitua. Yule mtoto alikuwa mahali anakaanga mikate akiamini kwamba ameanguka. Mama yake alikuwa ameapa. Ilihitajika habari tu, neno moja, kabla shule za sekondari hazijafungua milango.

Nilimpa neno hilo kila dereva wa lori aliyekubali kusimama. Nilimpa fundi wa reli, mtawa, muuza nguo kuukuu. Hakuna jibu lililorudi. Kwa hiyo ninyi mnaofundisha upande ule, Tenke, Fungurume, mpaka Likasi, ulizeni. Leo atakuwa mwanamke mzima. Darasa la sita analo, ni lake, halichachi. Akitaka kuanza tena hata na watoto mgongoni, mpeni kiti, na msimwite mbele ya bendera.

Kiangazi kile kile nilikwenda mwenyewe. Lori mpaka Fungurume, kisha pikipiki, mimi na magoti yangu haya, vumbi mpaka ndani ya meno. Kwenye stesheni ya Tenke nilikuta wanawake na karai zao za mafuta. Nikauliza kuhusu mama mmoja na dada yake na msichana mrefu.

"Balikuwa hapa," mmoja akasema, bila kuacha kugeuza mikate. "Soko haikubapenda. Balienda."

"Wapi?"

"Fungurume, nazani. Ao Likasi. Mama, mutu akienda anaenda."

Nikakaa kwenye reli, nikanywa maji. Halafu nikasimama, nikaanza kutembea kati ya meza za soko nikiita. Sikuwa na njia nyingine. Niliita Numbi, Numbi, kwa sauti yote niliyonayo, mwanamke mzee anaita jina lake mwenyewe sokoni kama aliyejipoteza. Watoto wakanifuata wakicheka. Msichana mmoja aliyekuwa akipima chumvi akainua kichwa.

"Ni mi, mama. Mi njo Numbi. Unasema nini?"

Alikuwa mfupi, mnene, na mtoto mgongoni. Sikuwahi kumwona, wala yeye mimi. Alikuwa ananiangalia anangoja, kikombe cha chumvi hewani.

"Umefaulu," nikamwambia.

"Nimefaulu nini?"

"Darasa ya sita. Mutihani. Hesabu pia. Mi pia ni Numbi."

Wenzake wakaacha kupima, wakanitazama. Yeye hakucheka. Akafikiri kidogo, akaweka kikombe chini, akapangusa mkono kwenye kikwembe chake cha kiunoni, akanipa.

"Aksanti, Majina," akasema.

Nikamshika mkono ule kwa muda mrefu. Nilikuwa nimetoka mbali mno kurudi na habari ile mdomoni.